Shajara ya mradi: inzi mkavu kwenye Mto Thego, Januari hadi Septemba 2024

6 Januari 2024: Lengo, mto na vifaa

Nataka trauti wa Mto Thego wapande juu na kumla inzi wa bandia anayeelea, yaani inzi mkavu, na nataka nijue kwa nini wamemla. Kumpata mmoja kwa bahati si kazi. Kazi ni kumpata wa pili na wa tatu kwa njia ile ile.

Thego unateremka kutoka Mlima Kenya upande wa Nyeri. Maji ni baridi na meupe, mawe ni makubwa, vidimbwi ni vifupi, na vichaka vimeinama hadi majini. Trauti waliomo ni wa upinde wa mvua, aina iliyoletwa Kenya kutoka Afrika Kusini mwaka 1910. Trauti wa kahawia walitangulia: Ewart Grogan aliwatia Mto Gura kule Aberdare mwaka 1905, akiwa amewaagiza kutoka Loch Leven, Uskoti. Samaki walikuja kutoka nchi za baridi, lakini kalenda ya uvuvi ya huko haikuja nao. Uingereza mvuvi wa inzi mkavu anangojea majira ya kuchipua. Huku karibu na ikweta wadudu wa majini huibuka mwaka mzima, na kinachoamua siku nzuri au mbaya ni mvua, mawingu na joto la maji. Ndiyo maana naiweka shajara hii kwa tarehe za hapa, ili anayetaka kuufuata mradi huu kwenye mito ya Burguret, Naro Moru au Sagana awe na pa kuanzia.

Vifaa vya kuanzia: ufito wa mtumba wa futi saba na nusu, namba 4 (uzito wa mshipi unaoufaa), pamoja na rili yake, shilingi 9,000. Mshipi unaoelea, 4,500. Lida ya kiwandani (uzi mwembamba unaounganisha mshipi na inzi) ya futi tisa, 600. Inzi dazani mbili kutoka kwa mfungaji wa Nairobi, shilingi 80 kila mmoja: nusu Adams (aina ya inzi wa kijivu), nusu wa nywele za elki, mnyama wa Marekani, wote ndoano namba 14 (namba ikipanda, ndoano inapungua). Kipimajoto cha maji, 400. Leseni ya uvuvi na ada ya kuingia msituni hubadilika, kwa hiyo uliza kabla hujafunga safari. Kumbuka pia kwamba mito ya trauti ni ya inzi wa bandia tu. Minyoo haina nafasi.

Usiende peke yako. Tembo na nyati wanakunywa mto huu huu, na macho ya mvuvi yako majini muda wote. Mimi nafuatana na mzee mmoja anayeujua msitu tangu utotoni. Namlipa 1,500 kwa siku, na thamani yake ni zaidi ya hiyo.

13 Januari: Kurusha penye vichaka

Mazoezi ya uwanjani, kipande cha sufi kikiwa mahali pa ndoano, yalikwenda vizuri: ufito unasimama nyuma, unangoja mshipi ujinyooshe, unarudi mbele. Mtoni mtindo huo haukufaa kitu. Nyuma kuna matawi, juu kuna matawi, na kila mrusho wa pili ulikuwa kazi ya kukwea mti.

Kilichofaa ni mirusho miwili. Wa kwanza ni wa ubavuni: ufito unalala karibu sambamba na maji na mshipi unapita chini ya matawi. Wa pili ni wa upinde: unamshika inzi kwa mgongo wa ndoano, ncha kali ikitazama nje ya vidole, unavuta mpaka ufito upinde, unalenga, unaachia. Mrusho wa upinde unafika mita nne au tano tu, lakini Thego hauhitaji zaidi. Uachie inzi kabla ya kutikisa mkono. Ukitikisa kwanza, ndoano inaingia kidoleni. Mwiba wa ndoano nimeubana kwa koleo kwa inzi wote, kwa ajili ya samaki na kwa ajili ya vidole.

27 Januari: Mburuto

Hapa ndipo mradi ulipokwama, na hapa ndipo nitakapokaa zaidi.

Maji yalikuwa nyuzi joto 12 saa tano asubuhi. Trauti walikuwa wakipanda waziwazi chini ya ukingo wa pili wa kidimbwi kimoja kipana. Inzi alitua mahali pake mara nyingi, na hakuna aliyemgusa. Nikabadilisha Adams nikaweka wa nywele. Hola. Nikaweka mdogo zaidi. Hola. Samaki mmoja alipanda, akamfuata inzi kwa kitambo, akageuka akarudi chini. Huyo ndiye aliyetoa jibu. Angekuwa ameogopa mvuvi angekimbia, na asingependa rangi asingepanda. Alipanda, akaona kitu, akakataa.

Mzee, aliyekuwa ameketi juu ya jiwe, akasema, “Kijana, mwache samaki. Angalia povu.”

Povu la Thego linashuka kwa mstari, vipovu vidogo vyeupe vikifuatana, na mwendo wake ndio mwendo halisi wa maji ya juu. Nikamrusha inzi katikati ya vipovu viwili na kuvitazama vyote vitatu. Kwa kiasi cha nusu mita vilikwenda pamoja. Kisha inzi akaanza kukiacha kipovu cha kushoto, polepole sana, na nyuma yake ukatokea mkunjo mwembamba wa maji wenye umbo la V. Kutoka niliposimama mkunjo ule haukuonekana mpaka nilipoinama hadi magotini. Trauti aliye chini yake anauona bila shida, kwa sababu mdudu wa kweli haachi mkunjo. Mdudu wa kweli anakwenda pale maji yanapompeleka.

Chanzo chake ni hiki. Kati yangu na ukingo wa pili kulikuwa na mikondo mitatu: polepole miguuni pangu, kasi katikati, polepole tena kwa samaki. Mshipi ukilala juu ya yote mitatu, ule wa katikati unaubeba, unapinda tumbo kuelekea chini, na tumbo hilo linamvuta inzi. Huo ndio mburuto. Kubadilisha inzi hakuondoi mvuto huo. Urefu wa mrusho unauongeza.

Yaliyojaribiwa, kwa utaratibu niliouona unafaa:

Kwanza, kubadilisha mahali pa kusimama. Niliteremka, nikavuka, nikapanda kutokea chini ya samaki, katika mkondo ule ule anaokaa yeye. Sasa mshipi, lida na inzi vyote viko kwenye maji ya kasi moja. Hili peke yake lilizidisha umbali wa kuelea mara mbili au zaidi, na samaki wa kwanza wa mradi alipatikana hivyo: trauti wa sentimita ishirini na kidogo, aliyemmeza inzi bila kusita.

Pili, kuinua ufito. Ukiwa mita tano kutoka kwa samaki, inua ncha mpaka mshipi wote uwe hewani na iguse maji lida peke yake. Mikondo ya katikati haina cha kushika.

Tatu, pale ambapo huwezi kuvuka, kuegemeza ufito upande wa juu wa mto wakati mshipi bado uko hewani, ili ulale kuanzia juu. Maji ya kasi yatahitaji muda kuurudisha, na muda huo ndio wa kuelea kwako. Lazima uegemeze kabla mshipi haujatua. Ukichelewa unamvuta inzi mwenyewe.

Kilichoshindwa: kuinua na kurudisha mshipi baada ya kutua. Vitabu vinaisifu mbinu hii kwa mito mipana. Kwenye mto mwembamba kila mguso wa mshipi unamtikisa inzi, na hilo nalo ni mburuto.

10 Februari: Lida

Hata nikisimama vizuri, inzi alikuwa akianza kuburutwa mara tu anapotua. Lida ya kiwandani ina shina nene na gumu, imetengenezwa ijinyooshe kabisa. Inajinyoosha kama ilivyoahidiwa, na uzi ulionyooka hauna ulegevu wa kumpa inzi.

George Harvey, aliyefundisha uvuvi wa inzi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, alilitatua hili kwa kugeuza hesabu: shina jembamba na laini, ncha ndefu, ili lida itue kwa mikunjomikunjo. Mikunjo inapofunguka polepole, inzi anaendelea na safari yake. Nimefunga yangu kwa msingi huo: sentimita 60 za uzi wa milimita 0.40, kisha 40 za 0.33, 40 za 0.28, 30 za 0.23, 30 za 0.18, na 80 za 0.15. Jumla ni mita 2.8.

Toleo la kwanza liliruka kutoka 0.23 moja kwa moja hadi 0.15. Fundo liliteleza kwa samaki wa kwanza mwenye nguvu, kwa sababu nyuzi zinazotofautiana sana kwa unene hazibanani. Kipande cha 0.18 katikati kiliondoa tatizo. Kila fundo lilowanishwe kwa mate kabla ya kukazwa, maana nailoni ikikazwa kavu inapata joto la msuguano na kupoteza nguvu. Tumia nailoni ya kawaida. Uzi wa fluorokaboni ni mzito kuliko maji kwa kiasi kinachotosha kumzamisha inzi mdogo.

Namna ya kujua kama urefu wa ncha ni sahihi: ikilala imenyooka, ongeza. Ikirundikana yote juu ya inzi, punguza kwa upana wa kiganja. Kwa inzi mkubwa wa nywele nilipunguza hadi 60, kwa sababu mabawa yake yanakamata upepo.

Jambo dogo lililoleta tofauti kubwa siku za jua: uzi unaoelea unang'aa na kutupa kivuli kinene chini. Nilipaka sentimita 30 za mwisho udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na sabuni ya vyombo ili ziondoke mafuta na kuzama kidogo tu chini ya ngozi ya maji.

Gharama: nyuzi nene nne kutoka duka la kawaida la vifaa vya uvuvi, 150 kila moja. Mbili nyembamba za ubora, 700 kila moja. Usibane matumizi kwenye hizi mbili.

24 Februari: Anachoona samaki

Trauti anakaa kichwa kikielekea upande wa juu wa mto, kwa hiyo njia ya kumfikia ni kutokea nyuma. Hilo linajulikana. Ambalo lilinisaidia zaidi ni hesabu ya dirisha lake. Mwanga unapoingia majini unapinda, na kila kilicho juu ya maji samaki anakiona kupitia duara lililo juu ya kichwa chake, lenye pembe ya takriban nyuzi 97. Upana wa duara hilo ni zaidi kidogo ya mara mbili ya kina alichopo. Aliye sentimita 30 chini ana dirisha la sentimita 68 hivi. Nje ya duara, uso wa maji kwake ni kioo kinachoakisi changarawe za chini.

Faida yake mtoni ni mbili. Samaki aliye karibu na juu ana dirisha dogo, kwa hiyo inzi lazima apite karibu kabisa na mstari wake. Nusu mita pembeni ni kama hukurusha. Na kabla inzi hajaingia dirishani, samaki ameshaona vishimo ambavyo miguu yake inaviminya kwenye kile kioo. Vishimo hivyo ndivyo vinavyomwinua. Nilikata manyoya ya chini ya Adams yawe bapa ili mwili ulale kwenye ngozi ya maji, na kwenye maji tulivu matokeo yalikuwa bora kuliko ya Adams mzima anayesimama kwenye ncha za manyoya.

Vitu vilivyo chini sana upande wa mbali, samaki anaviona vimebanwa ukingoni mwa dirisha, hafifu. Kupiga magoti kunalipa. Nimeshona viraka vya mpira wa tairi la ndani kwenye magoti ya suruali.

Machi hadi Mei: Mvua na kufunga inzi

Masika ya 2024 yalikuwa mazito nchi nzima na Thego uligeuka rangi ya chai ya maziwa. Hakuna inzi mkavu kwenye maji hayo. Muda ulikwenda kwenye kufunga inzi mwenyewe, kwa jiliwa dogo la mtumba la kushikia ndoano (3,500) na pakiti ya ndoano (900).

Nilianza na manyoya ya shingo ya jogoo wa kienyeji. Inzi wake ni mzuri machoni lakini haelei, kwa sababu vinyuzi vyake ni vilaini na vina utando unaonyonya maji. Jogoo wanaofugwa mahususi kwa kazi hii wana manyoya membamba, magumu, yenye vinyuzi vya urefu mmoja. Nusu ya ngozi ya shingo ilinigharimu 4,200, na inafunga inzi kwa miaka. Bata wa jirani walitoa kitu bora bila malipo: yale manyoya madogo yanayozunguka tezi ya mafuta juu ya mkia. Yanashika hewa na kuelea yenyewe.

Mafuta ya kumwelesha inzi: vaselini inafanya kazi, lakini chembe tu, iliyoyeyushwa kati ya vidole mpaka isionekane. Ikizidi inagandisha manyoya pamoja na inzi anazama kwa uzito wake. Jeli ya dukani (850) inasamehe zaidi. Manyoya ya bata yasipakwe chochote kati ya hivyo, maana yanalala na hayaamki tena.

Inzi aliyeliwa ana ute wa samaki, na mafuta hayashiki juu ya ute. Utaratibu: msuuze majini, mbane kwenye kitambaa, mtie kwenye kichupa cha unga wa vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja na viatu, tikisa, mpulize. Anatoka amesimama upya. Ponda vipakiti vile vyeupe. Vyenye punje za rangi ya buluu viache, rangi hiyo ni ya kemikali ya kobalti yenye sumu.

22 Juni: Kurudi mtoni

Mafuriko yamehamisha mawe, na vidimbwi viwili nilivyovijua havipo. Maji ya saa mbili asubuhi yalikuwa nyuzi 9 na hakuna samaki aliyepanda. Saa tano yalifika 11, na wadudu wakaanza. Tangu leo sifungi inzi mkavu kabla ya saa nne na nusu. Asubuhi ni ya kutembea na kuchungua.

Geuza jiwe moja kabla ya kuchagua inzi, kisha ulirudishe lilivyokuwa. Leo tunutu walikuwa wadogo, wa kijivu, kwa hiyo namba 16. Siku za nyuma nilikuwa nikichagua kwa kutazama kisanduku.

20 Julai: Gathano

Baridi na ukungu wa gathano, msimu wa baridi wa katikati ya mwaka, vinawafukuza wageni Nyeri, ila kwa inzi mkavu hizi ndizo siku bora nilizopata. Wadudu wa jenasi ya Baetis, wadogo, rangi ya zeituni, mabawa wima kama tanga, waliibuka kuanzia saa sita na kuendelea kwa muda mrefu. Kukiwa na jua mabawa yanakauka haraka na mdudu anaruka. Kwenye unyevu wa gathano anabebwa na maji mbali kabla ya kuruka, na trauti wanalijua hilo. Adams wa namba 16 aliyekatwa chini alitosha. Leonard Halladay wa Michigan alimfunga Adams wa kwanza mwaka 1922 kwa ajili ya Mto Boardman, na rangi yake ya kijivu iliyochanganyika inafanana na wadudu wengi mno kuwa inzi wa mto mmoja.

Kwenye maji ya kasi namtumia yule wa nywele za elki, ambaye Al Troth alimbuni Marekani mwaka 1957. Anaelea juu, naweza kumwona, na kadisi (aina ya wadudu wa majini) wa Thego wana umbo lile lile la paa la nyumba.

17 Agosti: Kunasa

Baada ya mburuto kupungua, samaki walikuwa wakipanda na kukosekana. Sababu ziligawanyika kwa aina ya maji. Maji ya kasi yanampa trauti nafasi fupi. Anamla na kumtema papo hapo, kwa hiyo inua ufito mara unapoona maji yakivunjika. Kwenye kidimbwi kitulivu anapanda taratibu, anafungua mdomo, anafunga, anashuka. Ukiinua wakati mdomo uko wazi unamnyang'anya. Ngoja kichwa kielekee chini. Kwa vyovyote, ni kuinua kwa kifundo cha mkono, si kuvuta kwa bega. Uzi wa 0.15 unakatika kwa bega.

Ulegevu ninaoupenda kwa ajili ya kuelea una deni lake hapa: lazima uukusanye mshipi kwa mkono wa kushoto kadiri inzi anavyokujia, bila kumgusa. Hili ni zoezi la uwanjani kabisa, na nashauri lifanywe kabla ya mto.

Wanaorudishwa majini washikwe kwa mikono iliyolowa. Kwenye maji tulivu wengi wanatolewa ndoano bila hata kuinuliwa.

14 Septemba: Hesabu na kinachofuata

Bila nauli, leseni, ada ya msitu na malipo ya mzee, mradi umefika shilingi 27,870. Ningeanza upya, lida ya kiwandani na nusu ya inzi wa mwanzo nisingenunua. Ningetumia fedha hizo kwenye nyuzi nyembamba na siku za ziada na mzee.

Bado halijatatuliwa: samaki anayekaa upande wa juu wa mto kutoka kwenye mti ulioanguka, ambapo huwezi kumfikia kutokea chini. Inabidi arushiwe kutokea juu, mshipi ulegezwe umfuate inzi, lakini kwa pembe hiyo kuinua kunamtoa inzi mdomoni. Nimeanza kujaribu kuinua kwa ubavu kuelekea ukingoni badala ya juu, na walionaswa ni wachache mno kusema lolote. Mvua za vuli zikipungua nitarudi kwenye mti huo huo, na ingizo lijalo litaanzia hapo.